Bila Pima Sichukui

Daktari wa macho pale Kericho aliponiambia nina mtoto wa jicho, mume wangu alicheka hadi akashika ukuta. "Umri huu," akasema, "bado unazaa?"

Nilimpiga kiwiko. Lakini tulipotoka nje hakucheka tena, kwa sababu daktari alikuwa ameongeza kwamba watoto wenyewe ni pacha. Mmoja alikuwa amekomaa katika jicho la kulia, mwingine alikuwa anakuja nyuma yake katika la kushoto. Nisipopasuliwa mapema, alisema, itafika siku nitashikwa mkono kupelekwa chooni. Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeuzoea ule ukungu. Kwetu Kiptere ukungu si habari. Unashuka usiku, unalala juu ya majani chai, na saa nne asubuhi jua likipata nguvu unajiondokea wenyewe. Wangu ukaacha kuondoka. Mwanzoni nilidhani ni hali ya hewa imebadilika, maana siku hizi kila kitu kinasingiziwa hali ya hewa. Wachumaji wa majani walikuwa vichwa vinavyoelea juu ya kijani, bila shingo wala mikono. Taa za hoteli za Kapsoit zilikuwa na pete za rangi kuzizunguka. Mti wa mbali ulikuwa mtu, na mtu aliposogea alikuwa ng'ombe. Nitasema bila aibu kwamba nilipendezwa. Nilikuwa nikipita katikati ya hayo yote juu ya pikipiki yangu nyekundu, mitungi miwili ya maziwa nyuma, injini ikinguruma polepole, na nilijiona kama mtu anayeendesha ndani ya usingizi wake mwenyewe. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi wangu niliudharau miaka miwili.

Pikipiki ile niliinunua kwa maziwa, wakati ambapo mwanamke juu ya pikipiki alikuwa habari ya kuzungumzwa baada ya ibada. Nilikusanya maziwa ya nyumba tano pamoja na yetu, nikayapeleka hotelini Kapsoit kabla watu hawajaamka kutaka chai. Walisema nitaanguka. Miaka kumi na moja sikuanguka. Walipochoka kungoja nianguke, wakaanza kunipa mizigo yao niwabebee.

Halafu asubuhi moja barabara ilikata kona na mimi sikukata. Nilienda moja kwa moja, nikashuka ukingo, pikipiki ikagonga jiwe au kisiki, sijui, na mimi nikatua katikati ya majani chai. Majani yale yalinipokea vizuri kuliko kitanda changu. Nililala chali nikitazama weupe. Injini ilikuwa bado inanguruma mahali fulani karibu na miguu yangu, na maziwa yalikuwa yanatoka kwenye mtungi kwa sauti ndogo, gulu, gulu, gulu. Sikuumia. Sikuogopa hata. Nilichowaza ni kwamba ningeweza kukaa pale siku nzima na hakuna mtu angeniona, na mimi nisingemwona mtu, na tungekuwa sawa. Kisha nikakumbuka watoto wa shule hupita kwenye kona hiyo hiyo, na hapo ndipo nikaogopa.

Jioni nikamwambia mume wangu tuuze pikipiki, pesa iende kwenye jicho.

"Tuuze ng'ombe mmoja," akasema.

"Ng'ombe hajajaribu kuniua," nikamjibu.

Hakubisha. Yeye ni mtu wa majani chai na mifugo. Pikipiki hakuwahi kuipanda ila nyuma yangu, akiwa amefumba macho. Kesho yake aliiosha ili ipendeze. Aliiosha kama anavyoosha ng'ombe, mgongo na mbavu, tumbo hakulifikia. Aliporidhika akasema inang'aa. Nikamwamini, maana mimi niliona wekundu tu.

Sasa, kuuza ni jambo moja na kutoibiwa ni jambo lingine. Mzee mmoja wa kanisa letu aliuza ndama wa kike kwa mtu wa simu. Ujumbe uliingia kwamba pesa zimefika, mnunuzi akamkokota ndama, na mzee alipokwenda kutoa pesa akakuta hakuna kitu. Alibaki na kamba. Na yule mzee anaona! Anaona mpaka kupe kwenye sikio la mbuzi. Mimi ambaye ujumbe wa simu kwangu ulikuwa kijistari cha mwanga tu, ningeponaje? Nilijua wazi: nikitapeliwa pikipiki, hakuna jicho. Daktari alikuwa ameshanipa siku, Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na siku hiyo haikuwa ikinisubiri.

Tukabandika karatasi kwenye duka la dawa za mifugo pale Kapsoit: pikipiki inauzwa, mwenyewe ni mama, na namba yangu. Lile neno mama nililiweka mimi, nikidhani wanunuzi watajua imetunzwa. Sikujua kwamba kwa matapeli, mama ni mwaliko wa karamu.

Wa kwanza alipiga siku hiyo hiyo. Sauti yake ilikuwa laini kama samli. Alisema yuko Soin, ana haraka, na hata hahitaji kuiona.

"Wewe ni mama yangu," akasema. "Nitakuibia aje? Nakutumia pesa saa hii, kijana wangu akuje kuichukua."

Kabla sijakaa chini simu ikalia, ujumbe. Nikampa mume wangu. Lazima nieleze jinsi mume wangu anavyosoma. Aliacha shule mapema, na kila herufi yeye huipa heshima yake. Hasomi, anapanda mlima. Msomi angeruka moja kwa moja kwenye zile sifuri ashangilie. Yeye alianzia juu kabisa, kwa aliyetuma.

"Sifuri... saba... mbili..."

"Unasoma nini?"

"Namba ya mtu."

"Namba ya mtu gani? Ujumbe wa pesa hauna namba ya mtu, una jina la kampuni."

"Hii iko na namba ya mtu," akasema, akiwa bado kwenye mstari wa kwanza, na kusoma polepole kukawa kumetuokoa.

Dakika moja baadaye yule wa samli akapiga tena. Eti alikosea, ametuma zaidi, tafadhali nimrudishie ile ya ziada. Nikamwambia ile ya ziada nimempa ng'ombe amekula. Akanitukana, tusi ambalo sitaliandika. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani.

Baada ya hapo nikaweka sheria. Atakayetaka aje nyumbani mchana. Pesa zitahesabiwa na mashine ya benki, mbele ya karani. Na hakuna kupima, kwa sababu nilikuwa nimesikia pia ya wale wanaosema wacha nipime kidogo hadi pale kwenye kona, na hiyo kona ikawa haina mwisho. Sheria hii ya tatu niliipenda kuliko zote. Nilikuwa nikiirudia hata nikikamua.

Ndipo akapiga mtu mmoja, akasema ni wa Bomet.

"Mama, nabiga simu juu ya ile bikibiki. Bado iko?"

Ulimi wake ulikuwa wa nyumbani kabisa, Kipsigis mpaka kwenye meno, na nikafurahi kidogo. Nikamwambia iko, nikamtajia bei. Hakushtuka.

"Sawa. Lakini nataka pima kwanza."

"Hakuna kupima," nikasema.

"Ati?"

"Pikipiki yangu haipimwi."

"Mama, bila pima mimi sichukui. Bolisi watanishika."

"Kumbe unajuana na polisi!"

Akacheka, akidhani natania. "Hata ya mwezi mmoja tu, mama. Mimi nitaongeza."

Mwezi mmoja! Nilisimama. Nilimwambia mambo mengi. Nilimuuliza kama mama yake anajua ana mtoto wa aina gani. Nilimwambia akatafute pikipiki ya kupima mwezi mzima huko kwao Bomet, na ikiwezekana aipime mwaka. Nikakata simu, nikamwambia mume wangu nimemkamata mwingine. Akasema nimefanya vizuri, ingawa alinitazama, nadhani, kwa muda mrefu kidogo.

Kisha simu ikanyamaza. Mvua za alasiri zikaanza kushika kazi, zile zinazokuja na mawe na kuyachana majani. Niliajiri mtu wa bodaboda kubeba maziwa, na faida yote ikawa yake. Nilikaa chini ya paa nikisikiliza mabati. Ulimwengu ulikuwa umenisogelea mpaka mlangoni. Nyuma ya mlango kulikuwa na pamba tupu. Sitaficha, kuna siku niliona raha humo. Kelele za watu zilikuwa mbali, hakuna aliyenidai uso wangu, na mawazo yalikuwa yakipita polepole. Lakini nilipotaka kumimina chai nikaimimina mezani, na mume wangu akapangusa bila kusema neno, na huko kutosema neno kukanifanya nilie. Alhamisi ilikuwa imebaki siku tisa.

Mtu wa Bomet alikuja kwa miguu, asubuhi, ndani ya ukungu. Nilisikia viatu kwenye kokoto, nikaona kitu kirefu langoni.

"Chamgei," akanisalimu Kikwetu.

"Mising," nikajibu, nikampa mkono. Mkono wangu ulipita kando kidogo. Wake ukaufuata, ukaushika.

"Mimi ni yule mtu wa pima."

Nilitafuta fimbo. Kweli niliitafuta. Nikamwita mume wangu aje ashuhudie ujeuri wa watu wa siku hizi, kwamba mtu ametukanwa kwa simu na bado amepanda gari kuja kutukanwa ana kwa ana. Yule mtu hakurudi nyuma. Alieleza taratibu kwamba yeye ni daktari wa ng'ombe, kazi yake ni huku kwetu, mwenye duka la dawa ndiye aliyemwelekeza, pikipiki yake ya kwanza imekufa, anatembea mashamba kumi kwa siku kwa miguu, na hakuelewa nilikasirikia nini.

"Pima, mama. Pima. Karatasi ya pima." Akatoa kitu mfukoni. "Kama hii ya bikibiki yangu ya zamani."

Mume wangu akaichukua. Akaiinua kwenye mwanga. Akaanza kupanda mlima wake.

"B," akasema. "I." Akapumua. "M. A."

Kisha mume wangu akaketi kwenye ndoo, mabega yakaanza kumtikisika.

Bima! Mtu wa watu alikuwa akitaka bima, asikamatwe barabarani, hata ya mwezi mmoja tu, yeye ataongeza. Na mimi ni Mkipsigis kama yeye! Mimi ambaye kila Jumapili nikisimama kusalimia kanisa nasema Pwana asifiwe na hakuna aliyewahi kuniuliza huyo Pwana ni nani. Kati ya watu wote wa dunia hii, mimi ndiye niliyepaswa kumwelewa. Nilicheka mpaka nikaegemea ng'ombe. Aibu nayo ilikuwa nyingi, na aibu ikizidi humfanya mtu mkarimu kupita kiasi.

"Bima iko," nikamwambia, "bado miezi miwili. Sasa ipande, uipime."

"Si ulisema haibimwi?"

"Sasa nasema ipimwe."

Alitaka kuniachia kitambulisho chake. Nilikipokea nikakiinua mbele ya uso wangu, nikakitazama kwa makini kama ninayekisoma, nikatikisa kichwa kuonyesha nimeridhika. Akawasha pikipiki, akaondoka.

Nilibaki langoni, na sheria yangu ya tatu ikiwa imekufa. Sikuona chochote, lakini barabara ile niliijua kwa masikio. Nilisikia ikivuka kalavati, pale injini hutoa mwangwi. Nikaisikia ikipanda kwenye josho la ng'ombe, ikibadilisha gia mahali ninapobadilisha mimi. Ilikuwa ajabu kuisikia nikiwa sipo juu yake, kama kumsikia mtoto wako akiimba katika nyumba ya watu. Ikashuka kuelekea kona yangu, ile niliyoanguka. Halafu ikazimika.

Kimya. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kope zangu. Mahali fulani wachumaji walikuwa wakiongea, sauti zao zikija bila upande. Nilingoja. Mume wangu alikuja akasimama karibu nami, akauliza kama nasikia kitu, nikasema sisikii. Nilianza kuhesabu mambo niliyokuwa nimeyapoteza: pikipiki, jicho, na akili, kwa mpangilio huo. Kitambulisho kilikuwa kimeloa jasho mkononi mwangu, na kingeweza kuwa kadi ya harusi, mimi ningejuaje? Nilimwambia mume wangu kwamba nimetapeliwa kwa kinywa changu mwenyewe. Akanishika bega. Tulisimama hivyo muda mrefu sana.

Ikawaka tena. Nilisikia kona, josho, kalavati, kisha ikawa mbele yetu, ikinukia mafuta ya moto.

"Mbona ulisimama?" nikamwuliza kwa ukali, ili asijue nilichokuwa nikiwaza.

"Nilikuwa naangalia chini yake," akasema. Alikuwa akipangusa mikono.

"Haina kasoro," nikasema. "Nakuapia mbele ya Mungu, haina ufa wala mkwaruzo. Imebeba maziwa tu."

Aliendelea kupangusa mikono. Mume wangu akaingilia, kama kawaida yake akiona haya. Akamweleza kwamba ni pikipiki nzuri, kwamba nisingeiuza kama si hospitali, kwamba siku ni Alhamisi.

"Sawa, mama," akasema yule mtu. "Nachukua. Pei ni ile ile."

Hakupunguza hata mia. Mnunuzi asiyepunguza bei ni wa kutiliwa shaka, na njia nzima kwenda Kericho mimi nilitia shaka. Nilijua noti zitakuwa za bandia. Benki, karani akaziweka kwenye mashine, nikasikia zikipepetwa kama mahindi, na karani akasema ziko sawa zote. Nikamwambia azipitishe tena. Akazipitisha tena. Kutoka hapo tukaenda saiba, duka la kompyuta, kuhamisha umiliki, maana sitaki polisi waje kuniamsha kwa makosa ya pikipiki ambayo si yangu. Msichana wa saiba akasema, mama weka sahihi hapa. Nikaweka kalamu. Karatasi ikasogea kidogo chini ya mkono wangu, upande aliosimama mnunuzi, nikadhani ni feni.

Nilipasuliwa Alhamisi. Siku ya kufunguliwa bandeji niliona kwanza kitasa cha mlango, na kilikuwa na pembe kali hata nikaogopa kitanikata. Kisha nikamwona mume wangu. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe na hakuna mtu aliyeniambia. Nilimshika uso palepale mbele ya daktari, na yeye, mtu wa haya, akaniacha nimshike. Nyumbani nilizunguka kama mgeni. Majani chai yalikuwa na majani! Moja moja, na kingo zake. Ukungu ulishuka usiku, na saa nne ukaondoka, nami nikakaa nje kuutazama ukiondoka.

Wiki chache baadaye jirani yetu aliita daktari wa ng'ombe. Nilisikia injini kwenye kalavati na nikaijua. Nikavuka ua kwenda kumsalimu, nikakuta pikipiki imesimama peke yake kwenye nyasi, naye yuko zizini na mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani. Nikaizunguka. Wekundu ulikuwa umefifia kuliko nilivyoukumbuka. Nikainama. Chini ya tangi, pale fremu inapokutana na shingo, kulikuwa na mshono mnene wa kuchomelea, mpya, haujapakwa rangi. Ulizunguka fremu karibu yote. Nikatazama gurudumu la mbele. Ringi yake haikuwa ile yangu.

Nilikumbuka jiwe lile, au kisiki. Nilikumbuka nilivyoapa.

Alipotoka akaanza kunawa mikono kwenye ndoo. Alikuwa na uso mwembamba, mkubwa kwa umri kuliko sauti yake, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona.

"Hii fremu ilipasuka lini?" nikamwuliza.

"Wacha hiyo, mama. Jicho inasema nini?"

"Lini?"

Akaendelea kunawa. "Niliikuta hivyo. Siku ile, pale kwa kona. Ilikuwa inalia kidogo nikasimama kuangalia."

Mwezi mzima nilikuwa nikiogopa matapeli, nimeweka sheria, nimetukana watu, nimepitisha noti zake kwenye mashine mara mbili, na kumbe aliyemuuzia mwenzake mbuzi kwenye gunia ni mimi. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia mimi sikujua, lakini yeye alijua, alikuwa na haki ya kupunguza bei, hata nusu, na mbona hakusema?

"Ufa niliona, mama," akasema. "Lakini niliona pia wewe huoni. Na mzee akasema ni Alhamisi." Akakung'uta maji mikononi, akatabasamu kidogo. "Sasa kama ningebunguza pei, si daktari angekufungulia jicho nusu?"